Injini Zinazohukumiwa Bila Kupimwa

*Mbale na Jinja, nchini Uganda, magari makuukuu hubadilishwa spea moja baada ya nyingine huku ugonjwa ukibaki palepale. Uzee wa gari una lawama yake, lakini lawama kubwa zaidi iko kwenye kazi ambayo hakuna anayetaka kuilipia: kupima.*

Corolla nyeupe imeegeshwa kando ya barabara ya kutoka Sironko kwenda Kapchorwa. Boneti iko wazi, abiria wamekaa kwenye majani wakisubiri. Gari halijapata pancha wala halijaishiwa mafuta. Limekosa nguvu tu. Dereva akikanyaga mafuta, injini yapiga kelele na gari lajikokota. Akirudi gia ya kwanza, linasogea kidogo na kuacha moshi mweusi nyuma yake.

Gari hilo ni Kikumi, kama Waganda wanavyoiita Corolla ya toleo la 100, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1991. Ni kongwe, lakini bado linamlisha mwenyewe. Linapandisha watu mlimani asubuhi na kuteremsha vitunguu na kabichi jioni.

Dereva wake ameshazunguka gereji za Mbale na Jinja. Ya kwanza ilimbadilishia plagi. Ya pili ilimuuzia pampu ya mafuta. Ya tatu ilisema kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari, imekufa, akanunua nyingine ya mtumba. Kila mara gari lilitoka gerejini likionekana jepesi, kisha likarudia yaleyale kwenye mwinuko wa kwanza.

Jibu lilipatikana kwa fundi aliyeanza kwa kugusa. Gari lilikuwa ndiyo kwanza limetoka safari, lakini bomba la juu la rejeta lilikuwa vuguvugu. Akachomoa plagi: nyeusi tititi, zimefunikwa na masizi makavu. Akamuuliza dereva kama gari liliwahi kuchemsha. Naam, liliwahi, na fundi wa wakati huo alitoa themostati akaitupa.

Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa. Themostati huyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka yafikie nyuzi joto 80 na kitu. Ikitolewa, maji huzunguka tangu injini inapowashwa, na kwenye baridi ya Mlima Elgon injini haipati joto lake kamwe. Kompyuta ya gari hudhani ni asubuhi siku nzima, ikaendelea kumwaga petroli nyingi. Plagi hushika masizi, mafuta huisha haraka, nguvu hupotea.

Spea iliyohitajika ilikuwa ya bei ndogo kuliko zote zilizokwisha kununuliwa. Fedha ya pampu na ya kontrol boksi haikurudi.

Yalikotoka magari haya

Japani, gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Gari likizeeka, gharama ya kulipitisha kwenye ukaguzi huo humsukuma mwenyewe kuliuza. Mengi hupakiwa melini, hushushwa Mombasa, na kuingia Uganda kupitia Malaba na Busia.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2020 kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018, magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje na Japani, Ulaya na Marekani. Sehemu kubwa zaidi ilikuja Afrika.

Kenya ilijiwekea ukomo wa umri wa miaka minane kwa magari yanayoingizwa. Uganda ilikuja na wake mwaka 2018: tangu Oktoba mwaka huo, gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe halikuruhusiwa tena kuingizwa, na makuukuu yaliyo chini ya ukomo huo hutozwa ushuru wa mazingira. Sheria hiyo inasimama mpakani. Haikuyagusa magari yaliyokwisha kuingia, nayo ndiyo yanayojaza gereji za Mbale na Jinja leo.

Haya si magari ya anasa. Ndiyo teksi, ndiyo gari la kupeleka mgonjwa hospitali, ndiyo gari la harusi na la mazishi. Injini ikikosa nguvu, nyumba nzima hukosa kitu.

Hewa ya mlimani ina hesabu yake

Kuna jambo ambalo vitabu vingi vya ufundi havimwambii fundi wa Mbale. Vipimo vya vitabu hivyo huchukuliwa kwenye usawa wa bahari, au karibu nao. Mbale iko zaidi ya mita 1,100 juu. Jinja nayo iko kwenye kimo hichohicho, kwa kuwa Ziwa Viktoria lenyewe liko karibu mita 1,135. Kapchorwa ni juu zaidi, kwenye mita 1,800 na ushei.

Kadiri unavyopanda, hewa hupungua uzito. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila inapopanda mita 300. Kwa hesabu hiyo, gari lililo zima kabisa likifika Mbale limekwisha kupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa, na likifika Kapchorwa upungufu unakaribia asilimia 20. Huo si ugonjwa, na hakuna spea ya kuutibu.

Hesabu hiyo inagusa vipimo pia. Geji ya vakyumu, ile inayopima jinsi injini inavyovuta hewa, huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki kwa injini nzuri iliyo pwani. Kila mita 300 za kupanda hupunguza karibu inchi moja. Kwa hiyo injini nzuri ya Mbale itaonyesha kama 13 hadi 17, na fundi anayesoma kitabu bila kukumbuka mlima ataihukumu kuwa mbovu.

> Injini nzuri ya Mbale, ikisomwa kwa kitabu cha pwani, huonekana mbovu.

Kompresheni ni vivyo hivyo. Kwa injini ya 4A-FE, mojawapo ya zilizofungwa kwenye Corolla za miaka hiyo, kitabu cha mtengenezaji kinataja karibu psi 190 kwa injini nzuri na psi 142 kuwa mwisho wa chini. Mbale, injini ileile ikiwa na afya hutegemewa kusoma kama psi 165. Anayengoja 190 ataitisha ringi mpya bila sababu.

Namba ya kutazama zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Mlima hupunguza zote kwa pamoja, hauchagui moja. Silinda tatu zikisoma 160 na ya nne ikasoma 110, hapo hakuna cha kusingizia mlima. Fundi humimina oili kidogo kwenye silinda hiyo na kupima tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tatizo ni vali au gasketi ya silinda hedi. Kwa dakika hizo chache amejua kama injini ifunguliwe au isifunguliwe, na ifunguliwe upande gani.

Sikio na mashine

Katika gereji za miji hii miwili, mafundi wamegawanyika pande mbili.

Upande mmoja wako wazee wa kazi. Wengi walijifunza kwa kushika spana za wakubwa wao, enzi za kabureta na platini. Wanasikiliza injini, wananusa ekzosi, wanatazama rangi ya moshi. Mweusi, petroli nyingi au hewa kidogo. Wa buluu, oili inaingia inakochomwa mafuta. Mweupe usiokwisha na wenye harufu tamu, maji ya rejeta yanavuja ndani. Ujuzi huo ni wa kweli, na hakuna mashine iliyoufuta.

Upande wa pili wako vijana wenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, wengine wakitumia simu tu na kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani. Kwao, kusikiliza ni kubahatisha. Gari lina kompyuta, basi liulizwe lenyewe.

Pande zote mbili zina haki, na zote mbili zina mahali pa kukosea.

Sikio haliwezi kusoma sensa. Fundi hodari anaweza kusikia injini ikimisi, lakini hawezi kusikia kwamba sensa ya joto la maji inadanganya. Kwa multimita, sensa hiyo kwenye Toyota nyingi za wakati huo husoma kati ya omu 2,000 na 3,000 ikiwa kwenye nyuzi joto 20, na hushuka chini ya omu 400 injini ikifika nyuzi 80. Ikibaki juu wakati injini ni moto, kompyuta itamwaga petroli vilevile kama ilivyofanya kwenye ile Kikumi isiyo na themostati.

Mashine nayo ina upofu wake. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa kusoma hitilafu kuanzia magari ya mwaka 1996, lakini magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yalichelewa kuufuata. Kifaa kinaweza kuingia vizuri kwenye tundu la Toyota ya miaka ya tisini na bado gari lisijibu neno. Kijana asiyelijua hilo hutangaza kuwa kontrol boksi imekufa.

Magari hayo yana lugha yao. Ndani ya boneti ya Kikumi kuna kiboksi cheusi cha plastiki chenye maandishi ya DIAGNOSIS. Fundi hufungua kifuniko chake, akaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, kisha akafungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini kwenye dashibodi huanza kukonyeza. Ikikonyeza mfululizo bila kituo, kompyuta haijaona kosa. Ikikonyeza mara mbili, ikapumua, ikakonyeza mara mbili tena, hiyo ni 22: saketi ya sensa ya joto la maji. Moja kisha mbili ni 12, ishara ya mzunguko wa injini. Nne kisha moja ni 41, sensa ya mkao wa throtli, kilango cha hewa cha injini. Kazi yote inataka waya tu na mtu anayejua kuhesabu.

Namba hizo pia hazitaji spea ya kununua. Huonyesha pa kuanzia kupima. Gari la kisasa zaidi likitoa P0171, linasema hewa ni nyingi kuliko petroli. Sababu inaweza kuwa bomba la hewa lililopasuka, pampu iliyochoka, filta ya petroli iliyoziba au sensa ya hewa iliyochafuka. Fundi anayekimbilia kuuza sensa ya oksijeni kwa sababu mashine imetoa namba hajapima kitu. Amebahatisha kwa kutumia umeme.

> Namba ya hitilafu haitaji spea ya kununua. Huonyesha pa kuanzia kupima.

Kazi isiyolipwa

Kwa nini basi mafundi hawapimi? Si kwa ujinga. Wengi wanajua kipimo cha kompresheni, na kifaa chake si ghali. Sababu iko kwenye malipo.

Mwenye gari wa Mbale au Jinja akiingia gerejini hulipia anachokiona: pampu mpya kwenye kiboksi, plagi nne zinazong'aa, oili kwenye galoni. Fundi akimwambia kwamba ametumia saa mbili kupima na amegundua kuwa injini ni nzima, mteja huuliza amelipia nini. Wengine huondoka bila kutoa hata shilingi.

Hivyo fundi hula kwenye spea. Huongeza kidogo juu ya bei, au hupewa chake na mwenye duka. Spea isipotokea, siku imepita bure. Mfumo huo unamsukuma hata fundi mwaminifu kubadilisha kabla ya kujua.

Spea yenyewe mara nyingi ni ya mtumba, kutoka soko la Kisekka huko Kampala au mikononi mwa wauzaji wa hapohapo mjini. Kubadilisha spea nzima yenye afya kwa ya mtumba isiyojulikana historia yake ni kuongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza. Baada ya mikono mitatu, gari huwa na kasoro tatu mpya, na fundi wa nne hajui aanzie wapi.

Wenye magari wana hoja yao pia, na haifai kupuuzwa. Wengi wamewahi kulipia huduma iliyoitwa upimaji ambayo ilikuwa ni kuchomeka kifaa kwa dakika moja na kuambiwa kompyuta imesema. Hawakuonyeshwa namba wala hawakupewa karatasi. Mtu aliyedanganywa hivyo anaona afadhali alipie chuma anachoweza kukishika.

Mafuta na mto

Si kila kosa limo ndani ya injini. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hupunguza uwezo wake wa kuhimili mgandamizo. Injini hugonga mlimani na kupoteza nguvu. Uganda huyawekea mafuta alama ya siri ili yaliyochakachuliwa yatambulike kwenye ukaguzi wa vituo. Kenya, kwa sababu hiyohiyo, iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuchanganya kusiwe na faida.

Januari 2022, malori yalipokwama Malaba na Busia kwa mgogoro wa vipimo vya korona, lita ya petroli ilifika shilingi 10,000 za Uganda na kuzidi katika baadhi ya maeneo. Watu walinunua kwenye madumu kando ya barabara. Kwa gari linalokosa nguvu, fundi ana haki ya kuuliza mafuta yalinunuliwa wapi kabla ya kushika spana.

Mbale ina swali lake jingine. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika na kuua zaidi ya watu 20. Maji yaliingia nyumbani, madukani na kwenye magari. Gari lililozama huweza kukaushwa likawaka, lakini kutu huendelea kula viungio vya nyaya polepole. Miaka baadaye injini humisi siku za mvua, na hakuna kifaa cha kuchomeka kitakachomtajia fundi jina la mto. Historia ya gari nayo ni kipimo.

Serikali iko wapi?

Uganda ilijaribu ukaguzi wa lazima wa magari kupitia kampuni ya SGS. Mpango huo ulipingwa bungeni mwaka 2017 na hatimaye ukasimama. Wapinzani wake walilalamikia mkataba na gharama. Waliouunga mkono walitaja vifo vya barabarani na moshi wa mijini.

Wanaotaka magari makuukuu yaondolewe wana ushahidi ambao kila mtu anaweza kuuona: moshi mweusi nyuma ya matatu inayopanda mlima. Jinja sasa kuna kiwanda cha Kiira Motors kinachohusika na mabasi ya umeme, na huko ndiko usafiri unakoelekea. Lakini mkulima wa Sironko hawezi kungoja basi la umeme ili kabichi zake zifike sokoni kesho. Na umri peke yake hauonyeshi hali ya gari. Kikumi yenye themostati, plagi safi na kompresheni iliyo sawa huweza kuchafua hewa kidogo kuliko gari changa lililoachwa bila matunzo.

Nyenzo za kubadilisha hali zipo. Uganda ina hati ya Worker's PAS kwa mtu aliyejifunza kazi bila kupita darasani. Mbale kuna chuo cha ufundi cha Elgon; Jinja nako kuna mafunzo ya ufundi. Kinachokosekana ni kufanya kupima, na kuandika kilichopimwa, kuwa sehemu ya kile kinachomfanya mtu aitwe fundi. Mzee mwenye sikio na kijana mwenye mashine wanapaswa kukaa benchi moja: wa kwanza hujua pa kutafuta, wa pili hujua jinsi ya kuthibitisha.

KABLA YA KUFUNGUA INJINI

1. *Uliza.* Ilianza lini? Ni mlimani tu au hata tambarare? Kuna kilichobadilishwa karibuni? Gari liliwahi kuchemsha au kuingia maji?
2. *Tazama.* Filta ya hewa, mabomba ya hewa, rangi ya moshi, rangi ya plagi. Kahawia nyepesi ni nzuri. Nyeusi kavu ni petroli nyingi. Yenye oili ni ringi, sili za vali, au oili inayovuja kutoka juu.
3. *Pima joto.* Injini inafika joto lake? Themostati ipo?
4. *Soma kompyuta,* kwa mashine au kwa waya, na uiandike namba.
5. *Pima moto wa plagi.* Usiku, boneti ikiwa wazi, nyaya kuukuu huonyesha cheche zikirukia chuma.
6. *Pima vakyumu na kompresheni,* ukikumbuka kimo cha mji. Injini ikishikiliwa kwenye mzunguko wa 2,500 na mshale wa vakyumu ukashuka polepole, shuku ekzosi, au masega yake ya kuchuja moshi, kuziba.
7. *Pima mgandamizo wa petroli.* Corolla nyingi za wakati huo huhitaji kama psi 38 hadi 44, bomba la vakyumu la regulata likiwa limechomolewa.
8. *Ndipo ununue spea.*

Karatasi moja

Mabadiliko yanaweza kuanza kesho asubuhi bila sheria mpya wala msaada wa mtu. Gereji ibandike ukutani bei ya kupima, tofauti na bei ya kutengeneza. Mteja ailipe hata kama injini itaonekana nzima, kwa kuwa kujua kwamba injini ni nzima kumemwokolea gharama ya kuifungua. Fundi naye atoe karatasi: kompresheni ya silinda nne, vakyumu, joto, namba za hitilafu, tarehe. Dereva aiweke garini.

Karatasi hiyo itamlinda kila mmoja. Mteja hatauziwa pampu mara mbili. Fundi mwaminifu atapata ushahidi wa kazi yake na malipo yasiyotegemea kuuza chuma. Fundi wa mji mwingine ataona gari lilivyokuwa mwezi uliopita, na kutoka hapo atajua kilichobadilika. Mbahatishaji atakosa pa kujificha, maana ataulizwa namba zake ziko wapi.

Wenye magari ndio wenye ufunguo. Siku watakapokubali kulipia kipimo kama wanavyolipia plagi, mafundi watapima, na vijana wanaojifunza watawaona wakipima na kuiga. Hakuna sababu ya familia inayoishi kwa gari moja kuuza ng'ombe ili kufungua injini ambayo haikuwa na ugonjwa.